Aliyechoma msitu anadaiwa nini?

 

 Miezi michache iliyopita tulipokea barua ya mama mmoja mjane kutoka mkoa wa Lindi. Anaeleza kwamba mwaka jana, mwishoni mwa Septemba, jirani yake alitia moto pori alilokuwa amelifyeka kwa ajili ya shamba jipya la ufuta. Ilikuwa saa nane mchana na upepo ulikuwa ukivuma. Moto ukavuka mpaka, ukaunguza mikorosho 28 ya mama huyu wakati korosho ndio kwanza zinaanza kudondoka, kisha ukaingia katika msitu wa kijiji na kuendelea humo kwa siku 3. Alipokwenda kulalamika, jirani alimjibu kwa upole kabisa: "Mama, huu ni mtihani wa Mwenyezi Mungu. Na majivu ni mbolea, wewe mwakani utavuna kutushinda sisi." Wazee wa kijiji wakakaa, wakaamua mama alipwe thamani ya korosho za msimu mmoja. Msitu haukutajwa. Mwisho wa barua mama anauliza kama hiyo ndiyo hukumu ya sharia, kisha anaongeza: "Na ule msitu, sheikh, una mwenyewe au hauna?"

Swali hilo la mwisho limetushughulisha kuliko lile la kwanza, kwa sababu la kwanza limekwisha kujibiwa na wanazuoni tangu zamani. Katika madhehebu ya Imamu Shafii (R.A.), ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata katika pwani hii, mtu aliyewasha moto katika milki yake kwa kiasi cha kawaida na kwa tahadhari ya kawaida, kisha upepo ukazuka ghafla ukaurusha kwa jirani, hana dhamana. Lakini aliyewasha wakati upepo unavuma, au aliyewasha moto mkubwa kupita ada, au aliyeuacha bila kuuangalia, huyo amefanya uzembe na analazimika kulipa kilichoharibika. Saa nane mchana, mwezi wa Septemba, upepo ukivuma: hapa hapana utata. Kuuita mtihani wa Mwenyezi Mungu moto ulioletwa na kiberiti chako mwenyewe ni kukwepa deni kwa kutumia jina tukufu, na hilo ni kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Utata upo katika kiasi. Ili kujua mtu anadaiwa nini, sharti kwanza tujue kilichoungua ni nini. Na hapa wazee, kwa heshima zao zote, wamehesabu kile kinachoonekana juu ya ardhi tu. Tuanze na hayo majivu.

Jirani hakusema uongo, amesema nusu ya ukweli. Majivu yana chokaa, yana potasiamu, yana magnesi na kiasi fulani cha fosforasi, tena hupunguza ukali wa udongo wenye tindikali. Ndiyo maana ufuta wa mwaka wa kwanza katika pori lililochomwa hustawi mpaka mkulima akaamini kwamba moto umemletea rutuba. Kumbe moto haukuleta kitu chochote. Virutubisho hivyo vilikuwa ndani ya majani, magome na matawi, vikitolewa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Moto umevitoa vyote kwa siku moja, kama mtu anayevunja kibubu cha watoto akasema amepata mshahara.

Hata katika kukivunja kibubu, fedha nyingine hupotea. Naitrojeni, ambayo ndiyo inayoupa mmea ukijani na nguvu ya kukua, haibaki katika majivu kama inavyobaki chokaa. Joto likifika kiasi cha nyuzi 200 huanza kugeuka hewa na kuondoka, na moto wa magogo yaliyolundikwa hupita joto hilo mara kadhaa. Salfa nayo hufuata njia hiyo hiyo. Yale yanayobaki ni vumbi jepesi. Upepo wa Oktoba huchukua fungu lake, na mvua ya kwanza ya kishindo, ikiikuta ardhi iko uchi, hulisomba lililobaki mpaka mtoni. Katika Suratul Baqarah, aya ya 264, Allah (S.W.) amempigia mfano mtu anayetoa sadaka kwa kujionyesha, akamfananisha na jabali lililofunikwa na udongo kidogo, mvua kubwa ikalipiga na kuliacha tupu. Aya inazungumzia riya, hatusemi kwamba inazungumzia kilimo. Lakini mfano hupigwa kwa jambo ambalo msikilizaji analijua kwa macho yake, na jambo lenyewe ni hili: udongo ni tabaka jembamba, na mvua moja inatosha kuliondoa.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo kubwa zaidi. Udongo wa misitu yetu ya miombo, kuanzia Lindi na Ruvuma mpaka Tabora na Katavi, na kuvuka mipaka hadi Msumbiji na Zambia, kwa sehemu kubwa ni udongo mkongwe, uliooshwa na mvua za maelfu ya karne, na mahali pengi ni wa kichanga. Udongo wa namna hiyo hauna uwezo mkubwa wa kushika chakula cha mimea wala maji. Kinachoshika ni mboji, yaani ule weusi wa sentimita chache za juu uliotokana na majani yaliyooza. Mboji ndiyo mfuko. Ukiuchoma mfuko kisha ukamwaga majivu mchangani, umetia fedha katika kanzu iliyotoboka.

Na mboji hiyo zaidi ya nusu yake ni kaboni. Mti huivuta kaboni kutoka angani kwa majani yake, huijenga kuwa mti, jani na mzizi, kisha jani huanguka, mchwa na kuvu na vijidudu visivyoonekana huishughulikia, na sehemu yake huingia ardhini ikakaa miaka mingi, nyingine karne nyingi. Wataalamu wanakadiria kwamba mita moja ya juu ya udongo wa dunia nzima imehifadhi kiasi cha tani bilioni 1,500 za kaboni, na hiyo ni zaidi ya kaboni yote iliyomo angani. Katika miombo, vipimo vilivyofanyika Msumbiji vimeonyesha kwamba kaboni iliyomo udongoni ni nyingi kuliko ile iliyomo katika miti tunayoiona imesimama. Kwa hiyo msitu ni kama jengo ambalo sehemu yake kubwa ipo chini ya ardhi. Anayeuchoma na kuulima huirudisha hazina hiyo angani ikiwa hewa ukaa, ile ile ambayo ikizidi huongeza joto la dunia na kuyavuruga majira ya mvua.

Tumewataja mchwa na vijidudu, na hapa inafaa tukumbuke kwamba Mtume wetu (S.A.W.), kama alivyopokea Abu Daud, aliona kichuguu cha sisimizi kilichochomwa na baadhi ya masahaba, akakemea na kueleza kwamba kuadhibu kwa moto ni haki ya Mola wa moto peke yake. Ikiwa sisimizi wamepewa hadhi hiyo, mtu asidharau viumbe wanaoitengeneza mboji anayoila yeye na wanawe.

Insafu inatutaka tuseme pia upande wa pili, kwani wapo wanaohutubia juu ya mazingira kana kwamba kila moshi ni maafa. Moto wa nyasi unaopita haraka hauchomi udongo kwa kina. Joto lake huishia sentimita chache. Hata kipande cha mkaa kisichoungua kikizama ardhini kinaweza kukaa humo karne na karne pamoja na kaboni yake. Na miombo imeishi na moto tangu zamani. Kinachoumiza ni moto uliokuja katika wakati mbaya na kurudi kila mwaka mahali pale pale. Mche wa mninga, kwa mfano, huunguzwa shina ukachipua tena kutoka mzizini, mwakani ukaunguzwa tena ukachipua tena, na unaweza kukaa miaka mingi katika hali hiyo bila kuwa mti. Miti mikubwa inapozeeka na kukatwa, hakuna ya kushika nafasi yake. Majani yanayodondoka yanapungua, mboji inapungua, nyasi zinapata jua na kuongezeka, na nyasi zikiongezeka moto wa mwaka unaofuata unakuwa mkali zaidi.

Jambo hili si la kubuni. Karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mnamo mwaka 1933 na 1934 wataalamu wa misitu walitenga vipande vya miombo. Kipande kimoja kikachomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa. Kingine kikachomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa na ubichi. Cha tatu kikazuiliwa moto kabisa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1959, baada ya robo karne, yalionyesha kwamba kile cha moto wa mwishoni kilikuwa kimepoteza miti yake mikubwa na kugeuka nyasi na vichaka. Kile cha moto wa mapema kilibaki kuwa msitu. Kile kisichochomwa kilisongamana miti. Tofauti kati ya kipande cha kwanza na cha pili ilikuwa ya miezi michache tu katika tarehe ya kuwasha kiberiti.

Tugeukie shoka na msumeno, kwani msitu wa kijiji kile, mama anatueleza, ulikuwa umekwisha kuvunwa magogo kabla ya moto, na matawi makavu yaliyoachwa ovyo ndiyo yaliyoukuza moto. Chakula cha mti hakikugawanywa sawasawa mwilini mwake. Majani, vijiti na magome ni sehemu ndogo ya uzito wa mti lakini yamebeba sehemu kubwa ya naitrojeni na chokaa yake. Gogo, ambalo ndilo linalotafutwa na mfanyabiashara, kwa uzito wake lina kaboni nyingi na virutubisho vichache. Kwa hiyo anayechukua gogo, akamenya gome pale pale, akayatawanya matawi yakalala chini yakaoza, amechukua mbao na kuuachia udongo chakula chake. Anayechukua gogo, kisha akaja mwenzake akachukua matawi kwa mkaa, kisha akaja wa tatu akatia moto masalia, hao watatu kwa pamoja hawakuacha kitu. Na pale tanuri la mkaa lilipokaa, ardhi huokwa ikawa nyekundu kama tofali, na miaka hupita kabla mti haujaota hapo. Trekta linaloburura magogo katika udongo wenye maji nalo hushindilia ardhi, mvua ikawa haizami.

Tukiri na la kwetu. Miaka iliyopita tulisimamia ujenzi wa msikiti mmoja. Milango ya mninga, mimbari ya mninga, rafu za misahafu za mninga. Tulipata bei nafuu mno, tukamshukuru Allah kwa bei hiyo, na hakuna hata mmoja katika kamati, nasi tukiwamo, aliyeuliza mbao zile zimetoka wapi na zina kibali gani. Tulikuwa wepesi kuuliza kama fedha za mfadhili ni halali. Hatukuiuliza mbao swali hilo hilo. Na madrasa ya bweni tuliyoiendesha ilipikia kuni za lori kwa miaka, tukizihesabu katika daftari kwa bei ya lori tu.

Sasa turudi kwenye deni. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, Allah (S.W.) ametaja kisa cha Nabii Daud na Nabii Sulaiman (A.S.) walipohukumu juu ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) na wengineo kwamba Nabii Daud aliona kondoo wapewe mwenye shamba, wawe fidia ya kilicholiwa. Nabii Sulaiman akaona vingine: mwenye kondoo akabidhiwe shamba alihudumie mpaka lirudi kama lilivyokuwa usiku ule, na katika muda huo mwenye shamba anufaike na maziwa na sufi ya kondoo. Shamba likisharudi katika hali yake, kila mmoja arejeshewe mali yake. Qur'an inatuambia kwamba wote wawili walipewa hekima na elimu, na kwamba Sulaiman ndiye aliyefahamishwa hukumu hiyo.

Tazameni nini kimehesabiwa katika hukumu ya Sulaiman. Umehesabiwa muda. Hakuangalia thamani ya kilicholiwa usiku mmoja pekee, aliangalia shamba litachukua muda gani kupona, na akamtwika mharibifu kazi ya kuliponya. Wazee wa kijiji cha mama yetu wamehesabu korosho za msimu mmoja, ilhali mkorosho uliokufa haurudi msimu ujao, na mwingine ukipandwa unahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Katika aya ya 266 ya Suratul Baqarah umepigwa mfano wa mtu mwenye bustani ya matunda, uzee umemfika, watoto wake ni wanyonge, kisha kimbunga chenye moto kikaiteketeza. Aya hiyo nayo ni ya sadaka na amali, lakini msiba uliochaguliwa kuwa mfano wa hasara isiyo na fidia ndio huo: bustani kuungua wakati mwenyewe hana tena nguvu wala umri wa kupanda nyingine. Mjane huyu ana miaka 61.

Rai yetu, basi, ni kwamba mama alipwe thamani ya mikorosho ikiwa hai, imesimama na inazaa, pamoja na korosho zilizoungua. Ama msitu, jibu la swali lake ni kwamba unaye mwenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake, kuusimamia na kunufaika na mapato yake, na sheria hiyo hiyo ina sehemu nzima inayohusu uchomaji wa uoto. Na kabla ya sheria hiyo, Mtume (S.A.W.) aliliweka hima eneo la Naqii kwa maslahi ya Waislamu wote, na akakataza kukata miti ya haram ya Madina. Ardhi ya wote ina haki, na miongoni mwa wadai wake wamo mayatima wa kijiji na wale ambao bado hawajazaliwa. Kwa vile udongo hauuzwi kwa debe, deni la msitu lilipwe kwa njia ya Sulaiman: aliyewasha moto, akisaidiana na jamaa zake, afyeke njia ya kuzuia moto kuzunguka sehemu iliyoungua kila mwaka kabla ya kiangazi, na ailinde mpaka machipukizi yapite urefu wa nyasi. Anayeona vinginevyo kwa dalili atuandikie.

Tunajua tutaambiwa kwamba mkulima maskini hana trekta, na kiberiti ndicho jembe lake. Ni kweli, na Qur'an yenyewe katika Suratul Waaqia imeutaja moto kuwa ukumbusho na manufaa kwa wenye kuuhitaji. Hatuharamishi moto. Tunauliza umewashwa lini, vipi, na nani aliarifiwa. Wilayani Kilwa, mpango wa kuchoma mapema wakati nyasi hazijakauka sawasawa umetumika katika misitu ya vijiji, na katika wilaya hiyo hiyo vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji bora, vikawa miongoni mwa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na jamii. Wanakata mpingo na kuuza, na msitu upo. Mwenye shamba naye anaweza kuyaacha mabua na majani yakalala chini yakaoza badala ya kuyakusanya na kuyachoma. Kazi ni zaidi, lakini mwaka wa tatu atajua kwa nini aliifanya.

Wala lawama isiishie kwa mwenye jembe. Tanzania ina misitu na mapori yanayofikia hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya ardhi yake, na takwimu za serikali zilizotolewa mwaka 2018 zilionyesha kwamba tulikuwa tukipoteza hekta 469,420 kila mwaka. Hekta zote hizo hazikufyekwa na wajane na majirani zao. Yako malori yanayopita usiku, na wako waumini wa safu ya mbele wenye malori hayo. Khatibu anayemkemea mchoma mkaa na kumnyamazia mwenye lori kwa sababu ndiye aliyelipia mazulia, aitazame nafsi yake.

Tulimwandikia imamu wa kijiji kile, naye akatujibu kwamba alizikutanisha pande mbili baada ya sala ya Ijumaa. Jirani amekiri kwamba aliuona upepo kabla ya kuwasha. Amekubali kulipa mikorosho, akaomba asubiriwe mpaka auze ufuta, na mama ameridhia. Juu ya msitu alisema hawezi kulinda peke yake mahali ambapo wengine wanakata usiku, na katika hilo tunaona ana hoja. Halmashauri ya kijiji imeahidi kulijadili. Hadi tunaandika haya ilikuwa bado haijakaa, na mwezi wa sita umekaribia.

Wallahu a'lam.